Carlo Abarth: Fundi aliyevipa vigari vya Fiat kasi

Alizaliwa Vienna, Austria, Novemba 1908, chini ya nyota ya nge, mdudu aliyekuja kuwa nembo yake. Ajali mbaya ilipomkatizia mashindano ya pikipiki, Carlo Abarth aligeukia vyuma. Mwaka wa 1949 alianzisha kampuni nchini Italia, akaunda mabomba ya moshi na vipuri vya kuongezea vigari vya Fiat nguvu. Mwenye kipato kidogo naye akaonja kasi, anasa ya matajiri.

Mnamo 1965, akikaribia umri wa miaka 57, alipunguza kilo 30, kwa kula matufaha ati, ndipo akaenea katika gari lake jembamba na kuweka rekodi uwanjani Monza. Kampuni aliiuzia Fiat mwaka wa 1971. Alifariki 1979.