Mjane wa Reims: maisha ya Mama Barbe-Nicole Clicquot



Leo tunakwenda Ufaransa, mji wa Reims, kwa mwanamke mmoja aliyebaki mjane akiwa na miaka 27, mtoto mmoja wa kike mkononi na biashara iliyokuwa inayumba. Jina lake liko mpaka leo juu ya chupa za shampanye dunia nzima. Wengi kati yetu hatunywi, wengine juu ya dini, wengine juu ya mfuko. Haizuie kitu. Hii si habari ya kunywa. Ni habari ya mjane, ya mali, ya vita na ya mipaka iliyofungwa, na mambo hayo sisi tunayajua.

Kuzaliwa na kuolewa

Barbe-Nicole Ponsardin alizaliwa Reims tarehe 16 Desemba 1777. Tusidanganyane: hakuzaliwa maskini. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vitambaa, na kiisha akawa meya wa mji na kupewa cheo cha baron. Mapinduzi ya 1789 yalimkuta Barbe-Nicole akiwa bado mtoto. Aliona namna mali na vyeo vinaweza kugeuka kwa siku moja, na namna baba yake alivyojua kuinama wakati upepo unapita.

Mwaka wa 1798 akaolewa na François Clicquot. Baba mkwe wake, Philippe Clicquot, alikuwa mchuuzi wa vitambaa, na tangu 1772 alikuwa anauzisha pia divai kidogo pembeni. François njo aliyependa divai kuliko vitambaa. Bwana na bibi wakaanza kujifunza pamoja kazi ya mizabibu, na François akatafuta mtu wa kutembeza mali inchi za nje, Mjerumani mmoja aitwaye Louis Bohne, mtu wa akili na miguu isiyochoka.

Mwaka wa 1799 wakapata binti, Clémentine. Mwezi wa Oktoba 1805 François akashikwa na homa, na baada ya siku chache akafa.

Mjane mbele ya sheria

Hapa tusimame kidogo. Sheria ya Napoléon ya 1804 ilimweka mwanamke aliyeolewa chini ya mkono wa bwana yake. Bila ruhusa yake hakuweza kufanya mapatano ya biashara wala kusimama mbele ya korti kwa jina lake. Binti asiyetimiza umri alikuwa chini ya baba, bibi chini ya bwana. Lakini mjane aliweza kushika mali yake na kutia saini yake mwenyewe. Kilio kile kilichomvunja, kilimfungulia mlango ambao wanawake wengine wa siku zile hawakuwa nao.

Baba mkwe, kwa huzuni ya kupoteza mtoto wake, alitaka kufunga biashara ya divai. Barbe-Nicole akaenda kwake na kuomba aendelee. Mzee akakubali, lakini kwa sharti: kwanza ajifunze kazi pamoja na mtu mwenye ujuzi. Ndiyo maana akaingia ushirika na Alexandre Fourneaux, fundi wa divai. Miaka minne wakafanya kazi pamoja, na faida haikuonekana. Mwaka wa 1810 ushirika ukaisha, Fourneaux akaondoka na sehemu yake. Mjane akabaki peke yake, akaandika nyumba ya biashara kwa jina lake: Veuve Clicquot Ponsardin. Neno hilo la kwanza maana yake ni mjane. Hakuficha hali yake; aliiweka mbele ya mlango.

Miaka ya bandari zilizofungwa

Ile miaka ilikuwa mibaya. Napoléon alikuwa anapigana na karibu Ulaya yote. Waingereza walizuia bandari, Wafaransa nao wakazuia bidhaa za Waingereza, na mchuuzi akabaki katikati. Mara moja shehena yake kubwa ilikwama Amsterdam, bandari imefungwa, na divai ikaharibika. Shampanye si mahindi ya kuweka gunia juu ya gunia mpaka amani irudi. Inataka ubaridi, kivuli na kutulia.

Juu hiyo Louis Bohne alizunguka Ujerumani, Poland na Urusi akitafuta wanunuzi, na mara nyingi alirudi na habari mbaya: watu hawana feza, barabara hazipitike, magazeti yanasema vita. Mjane akapunguza wafanyakazi, akauzisha divai ya kawaida ili apate cha kuendesha siku. Lakini divai nzuri ya mavuno ya 1811 aliiweka chini ya ardhi. Mwaka ule nyota yenye mkia ilionekana mbinguni miezi mingi, na zabibu zilitoka nzuri kuliko kawaida. Watu wakaiita divai ya nyota.

Meli ya mwaka 1814

Mwanzoni mwa 1814 vita ikafika Reims penyewe. Askari wa Urusi wakaingia mjini. Wachuuzi wengi walilia juu ya chupa zilizokunywewa bila malipo. Kwa kweli hasara ilikuwako, lakini askari wale walipata ladha, na ladha hiyo wangerudi nayo kwao.

Mwezi wa nne Napoléon akaachia kiti. Wachuuzi wenzake wakabaki kungojea: amani itangazwe, Urusi iondoe katazo lake juu ya divai ya Ufaransa ya chupa, barabara zifunguke. Mjane hakungojea. Pamoja na Bohne akakodi kwa siri meli moja ya Waholanzi, akapakia chupa 10,550, na meli ikaelekea Königsberg kwenye bahari ya Baltiki, karibu na mlango wa Urusi. Bohne mwenyewe alisafiri na mali. Kama meli ingekamatwa, au kama joto la njiani lingepasua chupa, nyumba ingekufa siku hiyo.

Chupa zilifika salama, na wanunuzi wakagombania. Bei ikapanda juu sana, na kabla wenzake hawajamaliza kufunga makasha yao, shehena yake ya pili ilikuwa njiani kwenda Saint-Pétersbourg. Toka siku ile, mule Urusi, watu wakubwa walipotaka shampanye waliitaja kwa jina la Clicquot.

Meza yenye matundu

Sasa akapata shida ya namna nyingine: wanunuzi wengi kuliko chupa. Tueleze kidogo kazi yenyewe. Divai ikiisha kuwekwa ndani ya chupa, inaongezwa sukari kidogo na chachu, kiisha inafungwa. Chachu inakula sukari na kutoa hewa. Hewa haina pa kutokea, inaingia ndani ya divai. Njo mapovu yale. Lakini chachu ikifa inaacha mashapo, na divai inabaki na matope kama maji ya mto wakati wa mvua. Zamani walihamisha divai chupa kwa chupa ili kuisafisha. Mapovu yakapotea, na nyingine ikamwagika.

Mnamo 1816, pamoja na fundi wake Antoine Müller, mjane akapata njia. Inasimuliwa kwamba alitoboa matundu kwenye meza ya jikoni. Chupa inaingizwa kichwa chini, na kila siku mtu anaizungusha kidogo na kuitikisa polepole. Baada ya majuma kadhaa mashapo yote yameshuka mpaka kwenye kizibo. Ukifungua, msukumo wa hewa unayatupa inje, unaongeza divai kidogo, unafunga tena. Divai inabaki safi kama maji ya chemchemi, na mapovu yote yamo. Miaka mingi wenzake walishindwa kujua siri hiyo. Leo nyumba nyingi zinatumia mashini, lakini akili ya kazi ni ile ile. Mwaka wa 1818 alitengeneza pia shampanye nyekundu-nyeupe kwa kuchanganya divai nyekundu ndani ya nyeupe.

Nani atarithi

Mjane hakuolewa tena. Binti yake Clémentine aliolewa mwaka wa 1817 na mtu wa ukoo wa vyeo, comte Louis de Chevigné, aliyependa mashairi na maisha ya gharama. Mama mkwe alimpenda, alimlipia, hata akajenga nyumba kubwa Boursault. Lakini funguo za biashara hakumpa.

Mtu aliyemwamini alikuwa Édouard Werlé, kijana Mjerumani aliyeingia kazi karibu 1821. Mjane alikuwa amejaribu pia kazi ya benki. Mwaka wa 1828 benki moja ya Paris iliyokuwa na feza zao ikaanguka, na nyumba ikakaribia kuanguka nayo. Werlé njo aliyekimbia kutafuta feza na kuiokoa. Mwaka wa 1831 akamfanya mshirika, na mwishoni nyumba ikabaki mikononi mwa Werlé na uzao wake, mpaka ikaingia katika kampuni kubwa miaka ya 1980.

Mama Clicquot alikufa Boursault tarehe 29 Julai 1866, akiwa na miaka 88. Mwaka wa 2010, wapiga mbizi walikuta chini ya bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland, merikebu iliyozama zamani ikiwa na chupa za shampanye, na nyingine zilikuwa zake.

Sisi tunachukua nini

Hatusemi kila mjane atakuwa Clicquot. Yeye alikuwa na baba tajiri, na baba mkwe aliyekubali kusikiliza. Kama Philippe angebeba funguo na kumfukuza, tusingekuwa na habari ya kuandika leo. Hapo njo penye fundisho, na linawahusu zaidi wale waliobaki na mjane kuliko mjane mwenyewe.

Sheria ya Napoléon ilipita kwa Wabelgiji mpaka kwetu. Sheria yetu ya familia iliendelea kumwomba mwanamke aliyeolewa ruhusa ya bwana yake mpaka ilipogeuzwa mwaka wa 2016. Karatasi imegeuka, je, vikao vya jamaa baada ya matanga vimegeuka? Dada anaporudi kutoka ukimbizini bila bwana, akiwa na kiduka au shamba, na ndugu wa marehemu wakaja kugawa, nani anasimama karibu naye?

Philippe Clicquot alimpa mjane vitu vitatu: muda, fundi wa kumfundisha, na sehemu ya kuanzia. Hivyo vitatu chama kinaweza kuvitoa, hata kwa mfuko mdogo. Feza bila fundi zinaisha, fundi bila muda anachoka, na muda bila feza ni njaa tu.