Paxtu: Kijumba cha Nyeri Alikomalizia Maisha Mzee wa Skauti

Kama uliwahi kufunga skafu shingoni ukiwa shule ya msingi na kula kiapo cha skauti, kuna nyumba moja Nyeri inayokuhusu. Na kama hukuwahi, bado inakuhusu. Twende pole pole utaona.

Nyumba yenyewe inaitwa Paxtu. Iko ndani ya hoteli ya Outspan, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kama kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Usitarajie jumba la makumbusho kama lile la Nairobi. Hiki ni kijumba tu, unaweza kukimaliza kabla chai yako haijapoa. Ndani utakuta picha za zamani, pamoja na beji na skafu zilizoachwa na maskauti kutoka nchi usizowahi kuzisikia. Wote wamefunga safari kwa sababu ya mtu mmoja, Robert Baden-Powell.

Jamaa huyu alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, mama akabaki na kundi la watoto wa kulea. Masomo hayakumpeleka mbali sana. Alichopenda ni kuingia kwenye kichaka kando ya shule, kunyemelea wanyama na kujificha walimu wasimwone. Mwaka 1876 akajiunga na jeshi la Uingereza na kupelekwa India, na kile kipaji cha kunyemelea kikageuka kazi: upelelezi.

Sasa hapa ndipo hadithi inapoingia Afrika, na hapa ndipo unafaa kusimama kidogo. Mwanzoni mwa 1896 alikuwa kwenye msafara wa kijeshi uliokwenda Kumasi, Ghana ya leo, kumkamata Prempeh, mfalme wa Ashanti. Mfalme akapelekwa uhamishoni, baadaye hadi Ushelisheli, na hakurudi kwao mpaka 1924. Mwaka huo huo wa 1896, Wandebele walipoinuka dhidi ya walowezi katika nchi tunayoiita Zimbabwe, Baden-Powell alimpeleka chifu mmoja, Uwini, mbele ya mahakama ya kijeshi, kisha akaidhinisha apigwe risasi. Uchunguzi ulifanywa, naye akasafishwa.

Umaarufu ulimjia Mafeking, Afrika Kusini. Makaburu waliuzingira mji huo kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, na yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa ulinzi. Uingereza nzima ilishangilia mji ulipookolewa. Ila waliozingirwa hawakuwa wazungu peke yao. Wabarolong walikuwa humo, wengine wakipigana upande wake, na mgao wa chakula kwa Waafrika ulikuwa mdogo kuliko wa wazungu. Wapo waliokufa njaa. Wanahistoria bado wanavutana kuhusu lawama yake ni kubwa kiasi gani.

Katika mji huo huo kulikuwa na kikosi cha vijana wadogo waliokuwa wakipeleka barua na ujumbe huku mizinga ikilia. Baden-Powell aliona kwamba kijana ukimwamini na kumpa kazi ya maana, anaifanya. Wazo hilo halikumtoka. Mwaka 1907 akawapeleka wavulana kama 20 kupiga kambi kisiwa cha Brownsea, watoto wa matajiri pamoja na watoto wa wafanyakazi, jambo ambalo Waingereza wa enzi hizo hawakulizoea. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, vijana wakaanza kuunda vikundi wenyewe bila kungoja ruhusa ya mtu. Kufikia 1910 skauti walishafika Kenya. Hata Prempeh, aliporudi kutoka uhamishoni, alikuja kuwa mlezi wa skauti wa Ashanti. Yule yule Prempeh!

Nyeri alihamia 1938, akiwa na miaka 81, pamoja na mkewe Olave. Mwenye Outspan, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kufanya kazi naye katika skauti. Kijumba wakakiita Paxtu wakikumbuka nyumba yao ya Uingereza, Pax Hill: hii ikawa Pax ya pili. Mzee akakaa hapo akichora na kuandika, mlima Kenya ukiwa mbele yake, hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941.

Lakini hebu toka nje ya kile kijumba kiakili. Miaka ile ile, mwanamume Mwafrika wa Nyeri hangeweza kutafuta kazi bila kipande, na mashamba mazuri ya nyanda za juu yalikuwa yametengewa wazungu. Kule Tetu, si mbali na hapo, kulikuwa na kijana aliyezaliwa 1920, Dedan Kimathi. Alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa papo hapo Nyeri, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Zilibaki siku nne tu Baden-Powell atimize miaka 100 tangu azaliwe.

Ukitoka Paxtu, nenda hadi makaburi ya kanisa la St Peter's, hapo mjini. Kwenye jiwe la Baden-Powell utaona duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya skauti, maana yake nimeenda nyumbani. Olave alipofariki 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa hapo hapo. Kaburi hilo ni mnara wa kitaifa, na kila Februari maskauti wa Kenya hufika kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Kimathi alizikwa ndani ya gereza bila alama yoyote, na familia yake ikapita miongo ikiulizia kaburi.

Sikuambii uvue skafu. Mtoto wa Kangemi au Karatina anayejifunza kufunga fundo, kupanda miti na kumsaidia jirani hamtumikii mfalme wa Uingereza. Skauti imekuwa yetu zamani. Ninachokuambia ni kwamba kile kijumba kitakuonyesha beji na picha, basi. Kuhusu Uwini, Wabarolong na yule kijana wa Tetu itabidi uulize mwenyewe. Kwa hivyo ukienda, beba maswali, na ukiwa na mdogo wako aliye skauti, enda naye.