Richard Hindorf na Miche 62

Kwetu Kitui ua wa boma ni mkonge. Likizo iliyopita nyanya alinituma nizibe pengo walimopenya mbuzi. Sikupanda mbegu. Niling'oa vichipukizi vilivyoota kando ya mama yao, nikavifukia, na vyote vikashika. Nikaanza kujiuliza: mahindi na kunde twapanda mbegu, huu mkonge mbona hauna haja nazo? Kutafuta jibu ndiko kulikonikutanisha na Mjerumani mmoja vitabuni.

Richard Hindorf alizaliwa mwaka wa 1863, akasomea kilimo. Kampuni ya Kijerumani iliyojitwalia Tanganyika ilimwajiri, naye akatafuta zao la kustahimili ukame. Sisemi alikuja kwa hisani. Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani mwaka wa 1889 tu, na mashamba hayo yalitaka jasho la wenyeji. Mkonge ulikuwa mali ya Meksiko, na huko hawakutaka miche itoke. Hindorf akaagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vikapitia Hamburg, vikafia njiani kwa mamia. Mwaka wa 1893 vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Basi!

Mwingine angekata tamaa. Lakini mkonge hautafuti mwenzi. Hukaa miaka mingi ukitoa majani, kisha huchomoza mlingoti mrefu, huchanua mara moja na kufa. Maua huanguka karibu yote bila mbegu, na mahali pake huota vitoto kwa mamia, kila kimoja nakala ya mama. Kwa mmea ulioipenda ardhi yake, hiyo ndiyo njia ya mkato: hakuna kungoja chavua, hakuna kubahatisha. Miche 62 ikajaza mashamba. Mapema karne ya 20 mkonge ulivuka mpaka kuja Kenya, na leo ukipita Kibwezi, Makueni, utauona umepangwa mistari kama wanafunzi gwarideni.

Hindorf aliishi hadi 1954. Wajerumani walishanyang'anywa koloni, Mwingereza ndiye aliyekuwa akivuna.

Ila nakala zina hatari yake. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Uzazi wa mbegu huchanganya damu ya wazazi 2, hivyo hali ikigeuka huenda mtoto mmoja akapona. Wataalamu wa Mlingano, Tanga, walichavusha jamaa za mkonge kwa mkono mpaka wakapata aina ya 11648, yenye majani mengi zaidi. Kisha, ajabu, hiyo nayo wakaizidisha kwa vichipukizi!

Nilimweleza nyanya kwamba ua wake wote huenda ni mmea mmoja. Alicheka sana. Halafu akanyamaza, akaniuliza tutafungia mbuzi wapi siku ugonjwa ukiingia. Bado namtafutia jibu.