John Akii-Bua: Nguvu Hujengwa kwa Ngazi

Katika somo la Elimu ya Michezo, maisha ya mwanamichezo ni kifaa kizuri cha kufundishia, mradi mwalimu ayasome yote tangu mwanzo. Wapo wanachuo ambao, wakisikia kwamba bingwa fulani alifanya mazoezi akiwa amebeba uzito, hutamani kuwatwisha watoto mifuko ya mchanga siku ya pili yake. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza maisha ya John Akii-Bua wa Uganda.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake na watoto wengi. Utotoni alichunga ng'ombe, kazi inayomtembeza mtoto mwendo mrefu na kuikomaza miguu yake polepole. Masomo yake yalikatika mapema, na baadaye akajiunga na polisi. Huko askari mwenzake, Jerom Ochana, aliyekuwa hodari wa kuruka viunzi, alimwongoza. Kisha Malcolm Arnold, mkufunzi kutoka Uingereza, alimtoa katika viunzi vya mita 110 akamwingiza katika vile vya mita 400.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa nne. Hakukata tamaa. Alizidisha mazoezi, akakimbia na kuruka viunzi virefu kuliko vya mashindano, huku amevaa kizibao chenye madini ya risasi, uzito wa kilo 11 hivi. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali. Hata hivyo alishinda kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na kuipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Mwaka 1979 vita vilimfanya akimbilie Kenya, kisha Ujerumani. Baadaye alirudi katika polisi ya Uganda, akafariki mwaka 1997.

Sasa tuutazame mpangilio. Kizibao kile kilikuja alipokwisha kupita miaka 20, mwili umekomaa, ufundi wa kuruka ameujua, na mkufunzi yupo. Hiyo ilikuwa ngazi ya mwisho. Mtoto wa shule ya msingi yuko ngazi ya kwanza, na uzito unaomfaa ni ule wa mwili wake mwenyewe: kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka, kujiinua kwa mikono, kuvutana kamba, kupanda mteremko mfupi. Kwanza afanye kwa usahihi, ndipo idadi iongezwe kidogo kidogo. Apewe siku za kupumzika, na akilalamikia maumivu ya goti au mgongo asimamishwe mara moja.

Mazoezi bila chakula hubomoa mwili badala ya kuujenga. Hapa Ilomba vyakula vinavyofaa havitoki mbali. Mahindi, viazi na ndizi hutia nguvu. Maharage, dagaa, mayai na maziwa hujenga misuli. Mboga za majani na matunda huulinda mwili. Uji wa ulezi wenye karanga asubuhi ni mwanzo mwema. Mlo mzito uliwe saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, na maji safi yawepo uwanjani.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba wapo watoto wanaofika shuleni bila kutia kitu kinywani. Mwalimu asimwite mvivu mtoto anayebaki nyuma kabla ya kujua amekula nini. Amwulize faraghani, ampunguzie kazi siku hiyo, kisha azungumze na wazazi juu ya uji wa shule. Mwalimu aliyeuliza swali hilo kabla ya kupuliza filimbi amekwisha kuanza kufundisha.