HANS WILSDORF: YATIMA ALIYEIPANDISHA SAA MKONONI

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, karibu na mahali mto Messalo unapoingia baharini, upo mji mdogo uitwao Quiterajo. Uko katika wilaya ya Macomia, wilaya ileile yenye Chai, ambapo risasi za kwanza za vita vya ukombozi wa Msumbiji zilipigwa tarehe 25 Septemba 1964. Wakazi wa pwani hiyo wengi ni Wamwani, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili, na maisha yao huenda kwa bahari: maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu. Mvuvi wa huko hahitaji saa ili ajue kwamba maji ya kesho yatachelewa kuliko ya leo kwa karibu dakika 50. Hilo alilijua tangu utotoni.

Lakini askari aliyetoka bara hana elimu hiyo. Tangu mwaka 2021 askari wa nchi mbalimbali za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, wamepelekwa katika jimbo hilo kupambana na waasi, na bila shaka wengi wao wamejifunza kwamba mahali ambapo mashua ilielea asubuhi, saa sita baadaye hubaki mchanga na matumbawe. Wakati wa bamvua maji ya pwani ile hupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Mtu wa namna hiyo hutegemea jedwali la maji na saa iliyo mkononi mwake. Na saa ikimdanganya kwa nusu saa, doria nzima huweza kukwama mahali pabaya.

Ndiyo maana hatushangai kwamba askari wanapopumzika lindoni huipenda sana ile mijadala ya saa: ya nani haingii maji, ipi ni madhubuti, ipi imenunuliwa kwa fedha nyingi bure. Leo tumeona vema tuwaeleze wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye, kuliko mwingine yeyote, ndiye aliyeyaanzisha mabishano hayo. Mtu huyo ni Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa saa za Rolex.

Wilsdorf alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji wa Kulmbach, jimbo la Bavaria, nchini Ujerumani. Alipotimiza umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kufiwa na mama na baba. Wajomba na ami zake waliuza duka la familia, wakampeleka shule ya bweni huko Coburg, ambako alionekana hodari katika hesabu na lugha. Kutoka hapo alikwenda Geneva, Uswisi, akafanya kazi kwa mfanyabiashara wa lulu. Mwaka 1900 alihamia La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa, akaajiriwa na kampuni iliyouza saa nchi za nje.

Kazi yake hapo ilikuwa kuandika barua za Kiingereza, na pia kutia ufunguo kila siku mamia ya saa za mfukoni na kuzikagua kama zinakwenda sawasawa. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo twaamini kwamba ndiyo iliyomlea, kwa sababu mtu anayezilinganisha saa mia kadhaa kila asubuhi hawezi tena kudanganywa na uzuri wa kasha wala dhahabu ya mnyororo. Huona tu kwamba hii imechelewa na ile imewahi. Na jambo moja yafaa lijulikane: Wilsdorf hakuwa fundi. Hakuitengeneza saa hata moja kwa mikono yake. Yeye alikuwa mfanyabiashara aliyejua kupima.

Mwaka 1903 alikwenda London, na mwaka 1905 akaanzisha kampuni pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Mitambo ya saa waliagiza kutoka karakana ya Aegler, mjini Bienne, Uswisi, halafu wakaitia katika makasha na kuwauzia wenye maduka. Wakati huo mwanamume wa Ulaya alitembea na saa mfukoni. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, na mafundi wengi walishikilia kwamba kitu kidogo namna ile, kinachotikiswa na mkono mchana kutwa, hakiwezi kamwe kutunza majira. Wilsdorf alikuwa na hoja moja tu ya kuwajibu: katika vita vya Makaburu, huko Afrika Kusini, kati ya mwaka 1899 na 1902, maofisa wa Kiingereza walizifunga saa zao za mfukoni mkononi kwa mikanda ya ngozi, kwa kuwa mtu aliye juu ya farasi, bunduki mkononi, hana nafasi ya kupekua mfuko. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba saa ya mkono ya mwanamume ilitokana na mahitaji ya askari, tena katika ardhi ya Afrika.

Jina Rolex aliliandikisha mwaka 1908. Lilikuwa fupi, lilitamkika katika kila lugha, na lilienea vizuri kwenye uso wa saa. Kuliandika hapo hakukuwa jambo jepesi, maana wenye maduka walitaka majina yao wenyewe ndiyo yaonekane. Wilsdorf hakugombana nao. Katika kila sanduku la saa sita alitia moja yenye jina lake. Baadaye zikawa mbili, kisha tatu, mpaka ilipopita karibu miaka 20 zote zikawa zake. Subira ya namna hiyo ni adimu katika biashara.

Lakini jina peke yake ni wino tu. Wilsdorf alitaka shahidi asiyekula mshahara wake. Mwaka 1910 aliipeleka saa moja ya mkono katika ofisi ya upimaji ya Bienne, ikapata cheti cha usahihi ambacho hapo kabla hakikuwahi kupewa saa ya mkono. Kisha akalenga juu zaidi, yaani Kew, Uingereza, mahali ambapo zilipimwa saa kubwa za merikebu ambazo manahodha huzitegemea kujua walipo baharini. Saa aliyoipeleka ilikuwa na upana wa milimita 25 hivi. Iliwekwa huko siku 45, ikalazwa na kusimamishwa katika mikao mitano, ikatiwa ndani ya barafu na ndani ya joto, na kila siku mwendo wake ukaandikwa. Tarehe 15 Julai 1914 ilipewa cheti cha daraja A. Kipimo kilikuwa kilekile cha saa kubwa zaidi, bila kupunguziwa hata kidogo kwa sababu ya udogo wake.

Wiki chache baadaye vita vikuu vya kwanza vikalipuka. Katika mahandaki ya Ulaya mizinga ilianza na kunyamaza kwa dakika iliyopangwa, na ofisa ambaye saa yake ilikuwa mbele alipeleka watu wake chini ya makombora ya jeshi lake mwenyewe. Mambo hayo yalifika hata huku kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1917 Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walivuka Ruvuma wakaingia Msumbiji, na Waingereza wakateremsha vikosi Porto Amélia, mji unaoitwa Pemba siku hizi, kusini ya Quiterajo, wakaingia bara kuwasaka. Maofisa walikuwa na saa. Askari wa Kiafrika na wapagazi waliobeba vita hivyo vichwani mwao walikwenda kwa baragumu na kwa jua.

Kwa Wilsdorf, Mjerumani mwenye mke Mwingereza, London haikuwa tena mahali pa raha. Mwaka 1915 kampuni iliacha jina la Kijerumani la Wilsdorf ikachukua la Rolex, na mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikatoza saa zinazoingia nchini ushuru wa theluthi moja ya bei. Hatimaye akahamishia shughuli zake Geneva.

Adui aliyebaki alikuwa maji. Jasho, mvua na vumbi ndivyo vilivyoua saa nyingi, na mlango wao ulikuwa kile kifundo cha kutilia ufunguo. Wilsdorf alinunua haki za uvumbuzi wa mafundi wawili wa Uswisi, Perregaux na Perret, waliobuni kifundo kinachokazwa kama skrubu, na mwaka 1926 akatoa saa aliyoiita Oyster, maana yake chaza. Oktoba 1927 mwanamke Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliyekwisha kuogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, aliingia majini mara ya pili kwa kuwa watu walianza kumtilia shaka. Wilsdorf alimpa saa, akaivaa shingoni. Baridi ilikuwa kali mno na hakufika ng'ambo, lakini alipotolewa baada ya saa zaidi ya 10, saa ilikuwa inakwenda. Mwezi uliofuata Wilsdorf alilipia ukurasa wa mbele mzima wa gazeti la Daily Mail. Tukiwa wakweli, hapo ndipo tunapomwona muuzaji akimtangulia mpimaji.

Mwaka 1931 ilifuata saa inayojitia ufunguo yenyewe, kwa kipande cha chuma kinachozunguka ndani mkono unapotikisika. Mwingereza John Harwood alikuwa amemtangulia kwa saa ya namna hiyo miaka kadhaa kabla, ila ile ya Rolex ndiyo iliyozunguka duara kamili na kudumu.

Katika vita vya pili Wajerumani waliwanyang'anya mateka saa zao. Habari zilipomfikia Wilsdorf, aliwaruhusu maofisa wa Kiingereza waliofungwa makambini waagize saa kwa barua na walipe vita vitakapokwisha. Hakutaka dhamana. Kumbuka kwamba mwaka ule hakuna aliyejua nani atashinda, na kwa hiyo mkopo ule ulikuwa namna ya kuwaambia mateka kwamba siku ya kulipa itafika. Hata koplo mmoja, fundi viatu katika kambi ya Stalag Luft III, aliagiza mwaka 1943 saa ya bei kubwa yenye kipimo cha sekunde, akaipata akiwa kifungoni, akailipia baada ya vita. Ni kutoka kambi hiyo kwamba wafungwa 76 walitoroka kwa shimo Machi 1944, na 50 kati yao wakauawa walipokamatwa.

Je, saa yake ilistahili bei yake? Hapa twapenda kusema kwa haki. Mwishoni mwa vita jeshi la Uingereza lilipoagiza saa za askari wake, zilitengenezwa na makampuni 12, miongoni mwao Omega, Longines, Cyma, Timor na Vertex. Rolex haikuwamo, na kazi ilifanyika. Mwaka 1953 msafara wa mlima Everest ulipewa Rolex na pia Smiths, saa ya Kiingereza ya bei nafuu, na iliyokuwa mkononi mwa Hillary kileleni ilikuwa Smiths. Wilsdorf mwenyewe alijua kwamba wengi hawatazimudu bei zake. Mwaka 1946 alianzisha kampuni ya Tudor, ambayo saa zake zilitumia kasha la Rolex lisiloingia maji lakini mtambo wa kununua kwa wengine, na kwa hiyo ziliuzwa kwa bei ya chini. Jeshi la Wanamaji la Ufaransa lilizivalisha wapiga mbizi wake kwa miaka mingi. Kwa maoni yetu hiyo Tudor, zaidi ya zile za dhahabu, ndiyo iliyoonyesha kwamba alifahamu saa ni ya kazi gani.

Siku hizi hoja ya usahihi imekwisha. Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwazi tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake wakati ule ililingana na ya gari dogo, lakini miaka haikupita mingi kabla Casio ya bei ya chini haijaishinda Rolex yoyote kwa kutunza majira. Saa nzuri ya springi yenye cheti huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Ile ya betri hupotea sekunde chache tu kwa wiki. Kwa askari wa Quiterajo tofauti iko kwingine. Betri hufa bila kuaga, na duka liko mbali. Seiko 5 ya kujitia ufunguo hudai mkono unaotembea tu. Aidha, saa iliyoandikwa mita 30 isizamishwe kina hicho: maneno hayo humaanisha mvua na kunawa mikono. Kifundo kisichokazwa huifanya hata chaza ya Wilsdorf ijae chumvi, na saa yoyote iliyoingia baharini ioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo. Na polisi wetu wafahamu kwamba Rolex iuzwayo mtaani kwa bei ya jozi ya viatu ni ya bandia, hata muuzaji aape namna gani.

Mke wa Wilsdorf, Florence, alifariki mwaka 1944. Hawakuwa na mtoto. Mwaka uliofuata aliunda mfuko wa wakfu kwa jina lake, na alipofariki Geneva tarehe 6 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 79, kampuni yote ikawa mali ya mfuko huo, ambao ndio unaoimiliki mpaka leo na kutoa fedha kwa elimu na misaada. Mwaka 2012 mfuko huo uliukabidhi mji wa Geneva daraja jipya juu ya mto Arve. Daraja hilo linaitwa kwa jina la yatima wa Kulmbach.