Kalamu na Ngazi: Maisha ya Martin Kayamba katika Utumishi wa Serikali ya Tanganyika

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa Waafrika walioitumikia serikali ya Waingereza nchini Tanganyika baina ya vita viwili vikuu vya dunia, hakuna aliyepanda ngazi ya ofisi kumzidi Martin Kayamba (1891-1939). Katika historia ya siasa hutajwa kama mwasisi wa chama, na katika historia ya maandishi ya Kiswahili hutajwa kwa kitabu chake cha safari. Hata hivyo, kazi iliyomlisha na kumpa jina ilikuwa ukarani. Makala haya yanayatazama maisha yake kwa kuzingatia swali moja: je, kupanda cheo kwa karani mmoja kulikuwa na maana gani kwa makarani wenziwe?

2.0 Nasaba na Elimu

Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika jamii iliyolelewa na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Asili yake ilikuwa Bonde, na nasaba yake iliungana na ukoo wa watawala wa Kikilindi. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa misheni, aliwahi kusomeshwa Uingereza. Kwa hiyo kalamu ilikwisha kuingia katika nyumba hiyo kabla ya mtoto kuzaliwa. Naye alisoma katika chuo cha Kiungani, ambacho kilitoa walimu, makasisi na makarani kwa sehemu kubwa ya pwani.

Ili kuona uzito wa mwanzo huo, yafaa kulinganisha na upande wa pili wa nchi. Mwaka huohuo wa 1891 Wamoravian waliweka misheni yao Rungwe. Baadaye Wajerumani walihamishia boma lao Tukuyu, mji ambao Makandana ni sehemu yake, kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Misheni ilifundisha hasa kwa Kinyakyusa, ilhali boma liliendeshwa kwa Kiswahili, na baada ya Wajerumani kushindwa, Kiingereza kikawa lugha ya majalada. Kijana wa Makandana aliyetaka kuingia ofisini alikuwa na lugha mbili za kujifunza kabla ya kushika kalamu ya serikali. Kayamba alikuwa na Kiswahili tangu utotoni, na Kiingereza alikipata shuleni. Sifa hizo mbili ndizo zilizomwinua.

3.0 Kutoka Kizuizini hadi Ukarani Mkuu

Kabla ya vita alifanya kazi za ofisi katika Kenya na Uganda. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa katika ardhi ya Wajerumani, na kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtu wa upande wa Waingereza, alitiwa kizuizini. Aliwekwa huru baada ya majeshi ya Wabelgiji kuiteka Tabora mwezi Septemba 1916. Mateso hayo yalimwongezea imani kwa watawala wapya, nao walimwona kuwa mtu wa kuaminika.

Mwaka 1917 aliingia katika utawala wa Waingereza mjini Tanga. Utumishi wa wakati huo ulikuwa na tabaka tatu: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Karani wa Kiafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko wa Kiasia. Mwaka 1923 Kayamba alifanywa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga, na makarani waliokuwa chini yake walikuwa Waafrika watupu. Serikali iliokoa fedha. Kwa makarani, hata hivyo, ofisi hiyo ilikuwa ushahidi kwamba Mwafrika aweza kuendesha masijala, hesabu na barua bila kusimamiwa na karani wa Kiasia.

4.0 Chama cha Watumishi

Mwaka uliotangulia, yaani 1922, Kayamba alikuwa ameongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, chenye makao Tanga. Kiliwakusanya makarani na walimu, Waislamu kwa Wakristo, bila kujali makabila. Wanachama walisoma magazeti, walicheza kandanda na kujadili hali zao za kazi. Katika mji ambamo misikiti, makanisa na vyama vya ngoma vilikwisha kuwagawa watu, umoja huo uliojengwa juu ya kazi ya mshahara ulikuwa jambo jipya.

Hata hivyo, siasa ya Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, iliyapa uzito mamlaka ya wenyeji. Huko Tukuyu waliotafutwa na serikali walikuwa malafyale, ambao walikuwa wengi na hawakuwa na mfalme mmoja. Karani aliandika maamuzi, lakini hakuwa na sehemu katika kuyafanya. Hivyo msomi alihitajika ofisini na kushukiwa barazani.

5.0 London na Sekretarieti

Mwaka 1931 serikali ilimpeleka Kayamba London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashahidi hao hawakuunga mkono muungano huo, ambao wengi waliuona kuwa njia ya kuwapa walowezi wa Kenya nguvu zaidi. Safari hiyo ilizaa kitabu cha Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza* (1932).

Mwaka huo wa 1932 alihamishiwa Sekretarieti, Dar es Salaam, katika cheo ambacho hakuna Mwafrika mwingine nchini aliyekuwa amekifikia. Lakini heshima hiyo ilimtenga. Chama chake kilikuwa Tanga, na Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilikuwa kikijitafutia njia yake. Alistaafu mwaka 1938, akafariki mwaka uliofuata. Kitabu chake cha Kiingereza kuhusu matatizo ya Waafrika kilichapishwa mwaka 1948, yeye akiwa kaburini.

6.0 Hitimisho

Ngazi aliyoipanda Kayamba ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926, aliendelea kuwa karani wa forodha hadi 1944, ingawa kipaji chake cha kalamu hakina shaka. Tofauti ya vyeo vyao haiwezi kuelezwa kwa juhudi peke yake, kwani nafasi zilitolewa kwa hiari ya mtawala. Kayamba aliamini kwamba elimu na uaminifu vingewafungulia wengine mlango. Vilimfungulia yeye. Kwa makarani wenziwe, urithi wake mkubwa zaidi haukuwa kiti cha Sekretarieti, bali kile chama cha Tanga, ambamo walijizoeza kujiona kuwa watu wa nchi moja.