MAISHA YA MAMA BIDDY MASON (1818–1891)
Mtumwa aliyekuwa mama wa mji



Katika ukurasa huu tunawasimulia maisha ya mama mmoja mweusi wa Marekani. Jina lake lilikuwa Bridget, lakini watu wote walimwita Biddy. Hakujua kusoma, wala hakujua kuandika jina lake mwenyewe. Alizaliwa mtumwa, akakaa utumwani zaidi ya miaka 37. Lakini leo katika mji wa Los Angeles, mmoja kati ya miji mikubwa ya dunia, jina lake limeandikwa ukutani, na kanisa lililoanzia nyumbani mwake linaendelea kumsifu Mungu. Tusikilize habari zake, maana zina fundisho kwa kila mzazi.

KUZALIWA NA KAZI YAKE

Mama Biddy alizaliwa tarehe 15 Agosti 1818 kusini mwa Marekani. Wakati ule, katika majimbo ya kusini, mtu mweusi mtumwa alihesabiwa kuwa mali, sawa na ng'ombe au jembe. Tena sheria ilisema kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa wa bwana yule yule tangu siku ya kuzaliwa, na bwana anaweza kumuuza mbali.

Hakupelekwa masomo. Lakini alijifunza kuzalisha akina mama, kutunza wagonjwa, na kutumia majani na mizizi kuwa dawa. Hiyo ilikuwa mali ambayo hakuna bwana aliyeweza kumnyang'anya.

Katika jimbo la Mississippi alikuwa mtumwa wa Robert Smith. Huko alizaa mabinti watatu: Ellen, Ann na Harriet. Aliwapenda sana, naye alijua kwamba siku yoyote wanaweza kuchukuliwa mikononi mwake.

SAFARI YA MIGUU

Bwana Smith aliingia katika dini ya Wamormoni, ambao walikuwa wanahamia magharibi, nchi ya mbali sana iliyokuwa bado na wakazi weupe wachache. Mwaka 1848 alifunga mizigo kwenye magari ya kuvutwa na ng'ombe, akaondoka pamoja na jamaa yake na watumwa wake.

Mama Biddy hakupanda gari. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya magari na kuchunga mifugo katika vumbi lote, huku Harriet angali mtoto mchanga wa kubebwa. Njiani alipika, aliwahudumia wagonjwa, na kuwazalisha akina mama waliofikiwa na siku zao. Walitembea zaidi ya kilomita 2500 mpaka bonde la Salt Lake. Mwaka 1851 Smith aliwahamisha tena, wakafika San Bernardino, katika jimbo la California.

Smith alijua jambo ambalo Mama Biddy hakuambiwa. California ilikuwa imeingia katika umoja wa Marekani mwaka 1850 kama jimbo lisilokubali utumwa. Lakini sheria haimsaidii mtu asiyeijua. Kwa miaka minne hivi mama huyu na watoto wake waliendelea kumtumikia bwana bila mshahara, katika nchi ambayo utumwa ulikatazwa.

MBELE YA MWAMUZI

Mwishoni mwa mwaka 1855 Smith aliamua kuhamia Texas, jimbo la utumwa. Hapo hatari ilikuwa kubwa. Kama wangevuka mpaka, Ellen, ambaye alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, na wadogo zake, wangeweza kuuzwa, na mama asiwaone tena.

Lakini Mungu hakumwacha bila marafiki. Katika Los Angeles alikuwako Robert Owens, mtu mweusi huru, mfanyabiashara wa farasi na mifugo. Mwana wake Charles alikuwa anampenda Ellen. Alikuwako pia Elizabeth Flake Rowan, mama mweusi aliyekwisha kupata uhuru wake. Watu hao walimfumbua macho, wakamwambia kwamba hapa alipo si mtumwa tena. Habari zikafika kwa wakubwa wa serikali, nao wakaenda kwenye bonde ambamo Smith alikuwa amepiga kambi akijitayarisha kuondoka. Mama Biddy, mwenzake Hannah na watoto wao wakawekwa chini ya ulinzi, na Smith akaitwa tribinali.

Ilikuwa kesi ngumu. Sheria ya California haikuruhusu mtu mweusi atoe ushuhuda juu ya mtu mweupe. Tena wakili aliyewatetea aliacha kesi kabla haijaisha. Mwamuzi Benjamin Hayes, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa katika jimbo la watumwa, alimwita Mama Biddy kando, chumbani kwake, mbele ya mashahidi, akamwuliza. Mama akaeleza kwamba sikuzote alifanya alivyoamriwa. Kwamba Smith alimwambia atakuwa huru Texas kama alivyo California. Lakini yeye aliiogopa safari hiyo tangu siku aliyoisikia.

Wapendwa, fikirini ilikuwa vigumu namna gani kwake kusema hayo. Kama mwamuzi angemrudisha kwa Smith, angelipa vikali, yeye pamoja na watoto wake. Hata hivyo alisema kweli. Mnamo Januari 1856 Hayes alitoa hukumu: Mama Biddy, Hannah na watoto wao, watu 14 kwa jumla, ni watu huru. Mwaka uliofuata, 1857, tribinali kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mtumwa Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Mlango wa Mama Biddy ulifunguka kabla ya ile mingine kufungwa.

KAZI YA MIKONO YAKE

Mama aliyekuwa huru alichukua jina la Mason, akakaa Los Angeles. Mwaka 1860 mji ule haukufikisha wakazi 5000. Alifanya kazi kwa mganga John Griffin, akipata dola 2 na nusu kwa siku. Alizalisha watoto mamia, wa matajiri na wa maskini, weupe, weusi, Wahindi wa Marekani na wenye asili ya Mexico. Alijifunza hata kusema Kihispania. Ugonjwa wa ndui ulipoupiga mji, yeye aliwatunza wagonjwa bila kujali uhai wake.

Hakula mshahara wote. Kwa miaka 10 aliweka akiba kidogo kidogo, na mwaka 1866 alinunua parsele yake ya kwanza kwa dola 250, katika barabara ya Spring. Dola 250 ni mshahara wa siku 100 tu, lakini mama mwenye watoto wa kulisha anajua kwa nini zilihitaji miaka 10. Wakati ule mahali pale palikuwa pembeni mwa mji, kwenye bustani na mashamba. Mji ukakua, ukapafikia. Mwaka 1884 aliuza sehemu kwa dola 1500, akajenga nyumba ya matofali yenye maduka chini na makao juu.

NYUMBA ILIYOKUWA KANISA

Mali haikumfungia mlango wa moyo. Alikwenda gerezani kuwatembelea wafungwa. Aliwapokea wasio na mahali pa kulala. Mafuriko yalipobomoa nyumba za watu, alifungua deni lake dukani ili waliopoteza vitu wachukue chakula, naye alipe. Aliwafundisha jamaa yake kwamba mkono uliofumbwa hautoi kitu, lakini pia hakuna kitu kinachoweza kuingia ndani yake.

Mwaka 1872 watu weusi wachache walikusanyika nyumbani mwake, naye pamoja na Charles Owens wakawa kati ya waanzishaji wa kanisa la kwanza la watu weusi Los Angeles, la First African Methodist Episcopal. Kanisa hilo ni tawi la kanisa lililoundwa na Waafrika wa Marekani mwaka 1816, chini ya Richard Allen, waliochoka kudharauliwa katika ibada za weupe. Mama Biddy alisaidia kulipa kodi ya kanisa na matunzo ya mchungaji.

JAMAA YAKE NA MWISHO WAKE

Ann alifariki mapema, huzuni kubwa kwa mama yake. Ellen aliolewa na Charles Owens, kijana yule aliyesaidia kuwaokoa. Mwana wao Robert Curry Owens aliendeleza mali ya bibi yake, akawa mmoja wa watu weusi wenye mali nyingi mjini.

Mama Biddy alifariki tarehe 15 Januari 1891, mwenye miaka 72. Katika siku zake za mwisho maskini walipiga bado mstari mlangoni mwake. Alizikwa katika makaburi ya Evergreen bila jiwe wala jina. Ilipita karibu miaka 100. Ndipo mwaka 1988 waamini wa kanisa lake, pamoja na meya Tom Bradley, mtu mweusi, walikwenda kuweka jiwe kwenye kaburi lake. Mwaka 1989 mji ukajenga ukuta wa ukumbusho pale parsele yake ilipokuwa.

FUNDISHO KWETU

Mama huyu alipewa uhuru siku moja, lakini aliutumia miaka 35, na kila mwaka aliwagawia wengine. Angeweza kusema: mimi nimeteseka vya kutosha, sasa ni zamu yangu kustarehe. Hakufanya hivyo. Mikono iliyochunga ng'ombe za bwana ndiyo iliyopokea watoto wa mji na kuwafungulia waamini mlango.

Nasi tujiulize, ndugu: yale ambayo Mungu ametutolea, tumeyafumba mkononi, au mkono wetu uko wazi?